Kulisha Nako Ni Shughuli

Kihonda, Morogoro
4 Machi 2024

Drashti mwenzangu,

Nakusalimu kutoka kwenye matope. Mvua imewahi mwaka huu, na milima ya Uluguru hatujaiona tangu Ijumaa. Mawingu yameilalia mpaka miguuni.

Kwanza kabisa, usinitumie tena ujumbe wa simu. Zile picha za tumbili ulizozitoa mtandaoni zimemfikia meneja wa kituo chetu cha majaribio, Bwana Rogers. Jana asubuhi alituita wafanyakazi wote uani, akainua simu yake juu kama padri anavyoinua hostia, akasema, "Mtu wa humu ndani kanisaliti." Sasa simu tunaziacha getini, na jioni zinapekuliwa kabla hatujarudishiwa. Nimefuta kila kitu chako, hata ile picha yetu ya mahafali.

Kwa hiyo tutaandikiana kwa karatasi. Barua nitaziacha dukani kwa baba yako, maana mizigo yake inapanda basi la Dodoma kila wiki. Jana nilimwamkia, nikamweleza. Hakuuliza chochote. Alinionyesha boksi la bawaba ambamo barua itasafiria, akasema tu, "Mwambie ale." Basi nakwambia: ule.

Umesema watu wanadai picha ni za kutengenezwa. Nitakueleza ninachokiona mimi, mtu ninayewalisha na kuwaoshea vizimba. Kuna sumu mpya ya kuua wadudu wa mpunga. Kabla haijapelekwa mashambani Dakawa na kwingineko, wanataka kujua ikimwingia mtu mwilini itamfanya nini. Mtu hawawezi kumjaribu, wanamjaribu tumbili. Kila asubuhi tunawashika, tunawapitisha mrija mdomoni mpaka tumboni, dawa inamiminwa. Kundi la kwanza kidogo, la pili zaidi, la tatu zaidi ya hapo. Anayetetemeka anaandikwa. Asiyetetemeka anaongezewa.

Jike mmoja aliyekamatwa Mlali huwa ananishika mkono kwenye nondo, anaanza kunichambua vinyweleo akitafuta chawa. Hanikuti nao, lakini hachoki. Kisha mimi huyo huyo ndiye ninayemshika kichwa mrija ukiingia.

Umeniita jasiri kwenye ujumbe wako wa mwisho. Mimi si jasiri. Nilipiga picha zile, kisha nikaenda kumshika kichwa anayefuata.

Wako,
Eva


Dodoma
13 Machi 2024

Eva wangu,

Barua yako ilinifikia ikinuka mafuta ya bawaba. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama stendi, mara ya pili nimeketi sebuleni kwa Angelina, ambako ndiko ofisi ya chama chetu cha kutetea wanyama ilipo, kama sebule yenye mwanasheria mmoja, yaani mimi, na kochi moja inaweza kuitwa ofisi. Niliisoma kwa sauti. Angelina aliacha kupika akaja kusikiliza.

Sahihi za ombi letu la kukifunga kituo zinaongezeka. Juzi nimehojiwa redioni. Nilieleza sheria ya ustawi wa wanyama, nikaeleza kwamba siku hizi zipo njia nyingine za kupima sumu bila kumtesa kiumbe. Nilijiona nimeongea vizuri. Kisha mtangazaji akafungua simu za wasikilizaji.

Wa kwanza: "Dada, watu hawana dawa hospitalini, wewe unalilia ngedere?"

Wa pili: "Sisi wakulima hao ngedere wanatumaliza. Waache wafe."

Wa tatu: "Huyo Mhindi arudi kwao akalilie wanyama wa kwao."

Baba alikuwa anasikiliza dukani, mbele ya wateja. Alinipigia jioni. "Sisi ni watu wa duka, Drashti. Tukigombana na wakubwa tunaambiwa turudi kwetu." Nikamwambia kwetu ni Morogoro. Akasema, "Mimi najua. Babu yako alipokufa alichomwa hapa hapa, majivu yake yalikwenda na mto huu huu. Lakini anayeuliza swali hilo hataki kujibiwa." Kisha akakata simu. Sijui kama ananionea aibu.

Eva, najua naomba makubwa. Picha peke yake wanazikataa. Nikipata video, hata fupi, ya mrija na ya baada ya mrija, hakuna mkubwa atakayesema ni uongo. Kituo kitafungwa. Na kikifungwa, nakuahidi, hao wanarudi milimani kwao. Fikiria siku hiyo.

Nakupenda,
Drashti


Kihonda
24 Machi 2024

Drashti,

Humu kwenye bahasha kuna kadi ndogo ya kamera. Usiniulize niliingizaje kamera wala niliitoaje. Ukishaitazama utaelewa kwa nini juma zima sijaweza kula nyama, wala ugali wenyewe haupiti sawasawa.

Bwana Rogers amezungumza nasi tena. Ningefurahi kukuandikia kwamba ni mtu mbaya. Alisema, "Mimi baba yangu alikuwa mpiga dawa mashambani. Alikuwa anachanganya sumu kwa mkono mtupu, kwa sababu hakuna aliyejua ni kali kiasi gani. Alikufa anatetemeka. Afadhali tumbili atetemeke." Wewe ungekuwa na la kumjibu, najua, na lingekuwa jibu zuri. Mimi nilikuwa na picha ya wazee wawili tu kichwani, mmoja mtu na mmoja tumbili, wote wanatetemeka.

Nina swali. Nilikuuliza kwa simu zamani ukaniambia tulia. Kikifungwa, hawa wataenda wapi? Si kwa kusema "milimani". Ni wapi, nani atakuja kuwachukua, kwa gari gani, watakula nini siku ya kwanza? Wana sumu mwilini. Wengine hawajakanyaga udongo mwaka wa pili huu. Nijibu hilo, tafadhali.

Baba yako hajambo. Jana nilimkuta anamgombeza mteja aliyekuwa anakucheka. Alimwambia, "Nunua misumari yako uende." Usimwambie kwamba nimekuambia.

Eva


Dodoma
9 Aprili 2024

Eva, Eva, Eva!

Umeshasikia, lakini acha nikuandikie kwa mkono wangu: KIMEFUNGWA. Amri imetoka leo asubuhi. Shughuli zote za kituo zisimamishwe mara moja, milango iwekwe lakiri, uchunguzi uanze. Wakubwa waliotoa amri waliiangalia video chumba kizima. Mama mmoja wa makamo, mkubwa wao, alivua miwani akafuta macho. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto. Angelina amechinja, yaani, hapana, hatukuchinja! Tumepika biriani ya mboga, majirani wote wamekuja.

Ni wewe uliyefanya haya. Ipo siku nitasema jina lako hadharani, ukiniruhusu.

Kuhusu swali lako: usihangaike. Zipo hifadhi, wapo watu wa wanyamapori, wapo wafadhili ambao sasa wote wananipigia simu. Hilo ni jambo dogo mbele ya hili tulilolivuka. Pumzika sasa. Lala.

Drashti wako mwenye furaha


Kihonda
14 Aprili 2024

Drashti,

Nilikupigia kwa simu ya baba yako mara nyingi. Ukajibu kwa ujumbe: "Niko kikaoni Baba, nitakupigia." Hukupiga, na haya kuyaandika kwa ujumbe wa simu bado naogopa. Nadhani umedhani ni yeye anataka kukuambia ule.

Sikiliza. Wamekuja siku ile ile ya amri. Walituambia tutoke, tukatoka. Walifunga lango kubwa, wakafunga mlango wa jengo, wakabandika karatasi na lakiri. Tumbili wamo ndani. Wote, zaidi ya arobaini.

Nilimfuata Bwana Rogers kwenye gari lake. Nikamwambia hawajala tangu asubuhi. Akasema, "Nimeamriwa nisimamishe shughuli zote. Kulisha nako ni shughuli." Sijui kama alikuwa anakomoa au anaogopa. Nafikiri vyote viwili. Akapandisha kioo.

Nikamwendea ofisa aliyefunga lango. Kijana mstaarabu tu. Akasema, "Dada, hao sasa ni vielelezo vya uchunguzi. Kielelezo hakiguswi." Nikamwambia kielelezo kinakunywa maji. Akasema ataulizia.

Mlinzi, Mzee Gervas, ananiruhusu kuzunguka nyuma ukutani. Wanapiga kelele asubuhi, saa ya chakula. Wanajua saa. Kuna tundu la hewa juu, limevunjika nusu. Juzi baba yako alifunga duka mchana, akaja na mpira wa maji mrefu kabisa aliokuwa nao dukani. Tukaunganisha kwenye bomba la jirani, Mzee Gervas akapanda ngazi, tukawa tunarusha maji ndani bila kuona yanaanguka wapi. Walio karibu na tundu walinyamaza, tukajua wanakunywa. Walio mbali waliendelea kulia. Baba yako, koti lake la safari limelowa chapachapa, akawa anamwambia Mzee Gervas, "Kushoto, kushoto zaidi." Hayafiki kushoto, Drashti. Kila siku hayafiki kushoto.

Tumeingiza ndizi pia. Tunazitupa tu. Vizimba vimefungwa, nani anazipata sijui.

Nani wa kumwona? Taja jina, nitaenda hata kwa miguu.

Eva


Dodoma
15 Aprili 2024

Eva mpenzi,

Haraka haraka, kijana wa basi anasubiri. Nimealikwa Arusha kwenye semina, wanataka nieleze jinsi tulivyoshinda. Nauli wanalipa wao, na nimewaomba wakualike na wewe. Hutalazimika kuonyesha uso kama hutaki. Wewe eleza tu walivyokuwa wanateseka na jinsi ulivyojisikia siku ile milango ilipofungwa.

Nunua gauni zuri! Baba alinipigia jana na juzi, sikuwahi kupokea, mwambie nitampigia Jumapili.

Drashti


Dodoma
19 Aprili 2024

Ndugu Drashti R.,

YAH: OMBI LA KURUHUSIWA KUWALISHA WANYAMA WALIOMO KATIKA JENGO LILILOFUNGWA, KIHONDA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ombi lako la tarehe 17 Aprili limepokelewa na linafanyiwa kazi. Ofisi hii haina pingamizi na wanyama hao kupewa chakula na maji. Hata hivyo, lakiri iliyowekwa haiwezi kufunguliwa kabla timu ya uchunguzi haijateuliwa, na timu haiwezi kuteuliwa kabla ya kupokelewa kwa maelezo ya mmiliki, ambaye kwa sasa yupo nje ya nchi.

Unashauriwa kuwa na subira. Ofisi inakupongeza kwa moyo wako wa kuwajali wanyama.

Nakutakia kazi njema.

(Saini)
Kny: Mkuu wa Ofisi


Dodoma
20 Aprili 2024

Eva,

Naambatanisha barua yao uisome mwenyewe, maana nikikueleza utadhani natia chumvi.

Barua yako niliipata tarehe kumi na sita jioni. Nilikuwa nimeshafungasha sanduku la Arusha. Sikwenda. Najua hilo si kitu.

Tangu siku ile niko milangoni. Ofisi ya kwanza inasema wanyama wa porini si wake. Ya pili inasema wakishaingia maabara si wa porini tena. Ya tatu wananijua, wananiita "mwanaharakati wetu", wananipa chai. Yule mama aliyefuta machozi yuko likizo. Mahakamani nimefungua maombi ya dharura. Tarehe niliyopewa ni ya mwezi ujao. Nikamwambia karani, mwezi ujao watakuwa wamekufa. Akasema, "Andika hivyo kwenye hati." Nimeandika.

Na sasa nikwambie nililokuficha, ingawa nadhani ulishalijua uliponiuliza mara ya pili. Hapakuwa na mahali. Sikuwa nimezungumza na hifadhi yoyote. Nilidhani ushindi ukija, mahali patajitokeza. Nimewapigia wote sasa. Mmoja hapokei tumbili waliopewa sumu. Mwingine hana nafasi. Watu wa milimani wanasema tumbili mgonjwa akiachiwa ataambukiza au ataliwa. Wafadhili waliokuwa wananipigia wanataka niwatumie picha za walioachiwa huru.

Usivunje mlango, Eva. Nimelifikiria mimi pia. Watakufunga, na tumbili wakitoka hawatajua pa kwenda, watapigwa mawe kabla hawajafika Mlali.

Mwambie Baba nimepokea ujumbe wake. Alipiga, nikasikia tu maji yanamwagika na tumbili wanalia. Akakata.

Drashti


Kihonda
5 Mei 2024

Drashti,

Ulikuja, ukafika tumeshamaliza, ukasimama getini, na mimi sikuweza kutoka nyumbani kukuona. Nisamehe hilo. Baba yako alisema utaelewa. Nakuandikia ulichotaka kuniuliza siku ile.

Walifungua tarehe ishirini na sita, timu yao ya uchunguzi ilipoteuliwa hatimaye. Walikuja na daktari wa mifugo, Daktari Jackson, mtu mpole, ana sauti ya kumbembeleza ng'ombe. Aliingia peke yake kwanza. Alipotoka alikaa chini kwenye kizingiti. Wa upande wa kushoto wote walikuwa wameisha. Wa upande wa tundu walikuwa hai, kumi na kitu hivi, mifupa na macho.

Nikasema, wanyweshwe. Wakanyweshwa. Nilifurahi, Drashti, kwa nusu saa nilifurahi, nilikuwa nakimbia na ndoo. Kisha Daktari Jackson akaniita pembeni. Akaniambia kwa sumu waliyonayo hawawezi kurudishwa porini, hakuna aliyekubali kuwapokea, na kituo hakina mwenyewe wa kuwatunza. Amri aliyokuja nayo ni kuwalaza kwa sindano, wasiamke tena. Akasema, "Lakini hawakubali kushikwa na mgeni. Wanajipigiza kwenye nondo. Wewe wanakujua."

Ningeweza kukataa. Wangefukuzwa fukuzwa kizimbani na kukabwa kwa kamba. Kwa hiyo nilikubali. Nilifungua kimoja kimoja. Walinijia wenyewe. Mmoja alinipanda mpaka begani akanikumbatia shingo, akidhani namtoa. Nikawa namtoa, ndiyo. Daktari alikuwa na mkono mwepesi. Baba yako alisimama mlangoni muda wote, amevua viatu, anasema maneno ya kwenu taratibu. Sikuyaelewa, lakini yalinisaidia kupumua.

Tuliwazika nyuma ya ukuta. Mzee Gervas alichimba. Watu wa mtaani walikuja kutazama, mmoja akacheka, wengine wakamnyamazisha.

Jambo la mwisho. Bwana Rogers alinipigia juzi. Kampuni inafungua kwingine, mkoa mwingine, hakutaja. Alisema, "Huko hakuna mwanasheria mwenye redio." Anatafuta mtu anayejua kuwatunza tumbili. Nilimuuliza kama anajua ni mimi niliyepiga picha. Akasema, "Nilijua tangu siku ya kwanza. Hakuna mwingine ambaye wangemtazama machoni vile." Kisha akasema njoo.

Nimekubali. Najua utakavyojisikia. Lakini wataletwa, niwepo nisiwepo. Nikiwepo, asubuhi kabla ya mrija wataona uso wanaoujua, na maji yatafika kushoto. Ni kidogo mno, wala sijidanganyi. Sina kikubwa.

Usinitumie kamera.

Eva


Mlali
26 Mei 2024

Eva,

Barua hii Baba atakuletea mwenyewe kabla hujasafiri. Sikuandiki kukuzuia. Nilianza barua ya kukuzuia, ikawa ndefu, yenye vifungu vya sheria, na nilipoisoma nikaona ni ya mtu ambaye hajawahi kushika ndoo.

Nimeondoka Dodoma. Angelina ameniambia sebule ipo nikitaka kurudi. Tarehe yangu ya mahakama ilifika, nikaenda, hakimu akasoma maombi ya kuwalisha tumbili, akauliza, "Hao wanyama wako wapi?" Nikasema wamekufa. Akaandika kwamba shauri limepitwa na wakati. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni. Wote wana huzuni ya kweli.

Nilikuja Mlali kwa sababu ndiko walikokuwa wanakamatwa. Nilitaka kumwona mtu anayetega mitego nimwambie kitu, sijui nini. Nikaelekezwa kwa Mama Semeni, shamba lake liko pale mlima unapoanza. Nilimwamkia, nikajieleza. Alinisikiliza akimenya mihogo, asinikatishe. Nilipomaliza akasema, "Wewe ndiye wa redioni."

Nikasema ndimi.

"Basi twende." Akanipeleka kwenye mahindi yake. Robo nzima ya shamba ilikuwa mabua matupu, mahindi machanga yamemenywa, yameonjwa mara moja na kutupwa. Akasema, "Zamani tulitega tukawauza kwa wale wa Kihonda, tukanunua unga. Sasa hakuna wa kununua. Tunategea kuua tu. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nikamwambia nitaamia, nishinde shambani nikiwafukuza. Alicheka mpaka akaketi. Mhindi aje aamie mahindi! Lakini aliona sitanii. Akafungua mitego yake mbele yangu, akasema, "Ukiwa hapa sitatega. Ukichoka ukaondoka, narudisha."

Kwa hiyo niko hapa. Nalala kwake, na asubuhi napanda kwenye kichuguu na debe na kijiti. Sauti yangu imekauka. Jana walishuka kundi zima, wakubwa mbele, majike na watoto wamening'inia tumboni. Nilikuwa sijawahi kuwaona wakitembea, unaamini hilo? Miezi yote ile, na sikuwahi kumwona hata mmoja akitembea. Nikasimama nimeduwaa, mpaka Mama Semeni akanipigia kelele kutoka mtoni. Nikapiga debe kwa nguvu zangu zote, nikapiga mayowe. Wakageuka, wakakimbia kuelekea kaskazini, mikia juu, hata bua moja hawakuligusa.

Nilifurahi nikaruka ruka. Nikamkimbilia Mama Semeni nikamwambia, "Wameondoka!"

Akatazama walikoelekea, akasuuza mikono yake polepole.

"Wameenda kwa jirani," akasema.

"Kwa jirani kuna mitego?"

"Ipo."

Drashti